Petro na Moto wa Shikome

Wahubiri wetu wanampenda Petro wa jogoo. Nimemsikia jogoo yule akiwika kanisani tangu sijaota meno ya pili, mpaka nimemzoea kuliko wa kwangu. Petro wa kuzama ziwani naye wanampenda, hasa kwetu Nassa, ambako kila ukoo una mtu wake aliyemezwa na maji. Lakini yuko Petro mwingine ambaye hawamgusi. Ni yule wa Antiokia, aliyekuwa akila pamoja na watu wa mataifa, akichovya walipochovya, kisha wakaja wageni kutoka Yerusalemu, akaogopa watasema nini, akajitenga na chakula kile kana kwamba hajawahi kukionja. Paulo ikabidi amseme mbele za watu.

Huyo hahubiriwi, na mimi najua kwa nini. Kumkana Bwana mbele ya askari ni jambo kubwa na la mbali, wengi wetu tutakufa bila kujaribiwa nalo. Kumkimbia mtu na chakula chake kwa sababu wakubwa wanatazama, hilo tunalifanya kila siku na Jumapili tunaimba. Mimi Petro huyo sikusomewa tu, niliolewa naye.

Ilikuwa miaka ya hamsini, pamba ilipoanza kuwapa watu baiskeli na mabati. Mume wangu alikuwa mwinjilisti, na misheni ilimpeleka kufanya kazi kwao alikozaliwa, upande wa Bariadi ukielekea Mwamapalala. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi, limejengwa kwenye ardhi ya baba yake, na nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye maboma ya ng'ombe wa mzee. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye uwanja wa misheni, baba yangu akiwa seremala wao. Kule kila familia ilikula ndani kwake, mlango umerudishwa, baba akiombea chakula. Nilidhani dunia nzima inakula hivyo.

Kwa wakwe zangu wanaume hawakuli ndani. Jua likishuka, moto unawashwa uwanjani karibu na zizi, ndiyo shikome, na wanaume wa nyumba zote za jirani wanakuja na vigoda vyao. Kila mwanamke anapika ugali wake, anaupeleka pale na mboga yake, anapiga magoti, anauweka chini, anaondoka. Hakuna wa kusema huu ni wa fulani. Bakuli la kwanza linaliwa na wote, kisha la pili, kisha la tatu, hadi yaishe. Aliyelima vizuri na aliyekosa mvua wanashiba sawasawa. Mwanzoni niliona ni uonevu, maana mboga yangu nzuri ya samaki ilikuwa ikiishia kwa jirani ambaye mke wake alipika mlenda Jumatatu mpaka Jumapili. Nilinung'unika. Mume wangu alicheka akasema nitazoea, na nilizoea.

Yeye mwenyewe alikula pale kila jioni. Chungu cha pombe ya mtama kilikuwapo pia, hilo silifichi. Kilipozunguka kilimpita, hakuna aliyemlazimisha. Waliita zamu yake "zamu ya upepo."

Mwenye moto alikuwa baba mkwe wangu. Asije mtu akamfikiria mzee mpole wa kutoa hekima. Alikuwa mkali, mbahili wa ugoro, mwenye majivuno juu ya fahali wake mwekundu kuliko wengine wanavyojivunia watoto. Alikuwa na kikohozi kibaya kilichomkunja mara mbili. Kanisani alikuwa hajatia mguu, ingawa lilikuwa kwenye ardhi yake. Alisema benchi halina mgongo na mwanawe anasema sana. Lakini kwenye moto aliuliza. Nikiwa jikoni, ukuta ukiwa wa fito, niliyasikia yote.

Aliyempenda ni Petro. Alipoambiwa kuwa Petro alikuwa na mama mkwe, na mama mkwe huyo aliumwa homa, alisema, "Kumbe ni mtu." Alipoambiwa jinsi alivyochomoa upanga akamkata mtu sikio, alicheka hadi kikohozi kikamshika. Na jioni moja mume wangu akamsimulia maono ya ile shuka iliyoshuka kutoka mbinguni imejaa wanyama wa kila aina, na jinsi Petro alivyokwenda hadi nyumbani kwa ofisa wa Kirumi, mtu ambaye wenzake wasingekanyaga kwake, akaingia, akakaa, akala naye.

Mzee alisukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Huyo Mungu wenu alimtuma mtu wake kwenda kula kwa mgeni?"

"Ndiyo, baba."

"Hakumtuma kwenda kumwita mgeni aje kwake?"

"Alimtuma aende."

Haikupita muda, akasema anataka maji ya ubatizo. Wenzake walimcheka, wakamuuliza pombe ataiachia nani. Akawajibu kwamba ataacha pombe lakini hataacha kigoda chake, maana moto ni wake na hajasikia popote kwamba Petro alimfukuza mtu kwenye moto. Akaanza kuhudhuria mafundisho, amejifunga shuka lake jeusi, akikohoa nyuma kabisa. Mume wangu alikuwa haoni vizuri kwa furaha. Alikuwa mtoto wa pekee wa kiume aliyebaki kwa mzee yule, na alijua kifua kile hakitavuka masika mengi. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa hilo tu, baba yake abatizwe kabla hajafa.

Kuna sehemu moja ya Petro hakumsimulia. Hakumwambia ya Antiokia. Nilimuuliza sababu, akasema, "Mzee bado mchanga. Kwa nini nimvunje moyo?"

Maneno yana miguu kuliko watu. Mchuuzi wa samaki wakavu aliyepita kwetu siku ya mnada alirudi ziwani akasema kule mwinjilisti anakaa kwenye chungu cha pombe na wazee. Hakusema hanywi. Mchuuzi anauza samaki, hauzi ukweli wote. Baada ya mavuno ya pamba tukapata habari kwamba wazee wawili wa kanisa wanakuja kupima wanaotaka kubatizwa, na kuona mwalimu anavyoishi. Habari yenyewe ilikuwa fupi, ila tulimfahamu mwinjilisti mwingine, upande wa Lingeka, aliyeondolewa kazini kwa sababu ya namna hiyo. Alirudishwa kwao na godoro lake juu ya mkokoteni, mke wake akitembea nyuma.

Mume wangu alianza kukosa usingizi. Ningekuwa muongo nikisema sikuogopa. Nyumba haikuwa yetu, kazi ndiyo ilikuwa nyumba.

Wageni walifika Ijumaa alasiri na baiskeli zao, miguu imejaa vumbi jekundu. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mvi na sauti ya taratibu. Wa pili alikuwa kijana, amenyoosha suruali kwa pasi ya mkaa, macho yake yanazunguka kama ya karani wa kupima pamba. Niliwapa maji ya kunawa na uji. Mume wangu akanifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Leo chakula chote kiliwe ndani."

"Na shikome?"

"Chote ndani."

Kwangu halikuwa jambo geni, ndivyo nilivyolelewa. Nikapika, nikaweka mezani, tukaombea, wakala. Nje moto ulikuwa unawaka. Niliwasikia wanaume wakizungumza, kisha wakanyamaza, kisha nikamsikia baba mkwe akikohoa. Hakuna aliyemwita mume wangu. Hilo lilinishangaza, maana siku nyingine akichelewa kidogo tu walikuwa wanampigia mbinja.

Mama mkwe aliingia jikoni bila kubisha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa shida. "Mayu," aliniambia, yaani mama, "ugali wa nyumba hii uko wapi?"

Nikamwambia tuna wageni, tumekula ndani.

Akakaa chini kwenye sakafu. Ndipo akanieleza kitu ambacho mtoto wa hapo anakijua kabla hajajua kuchunga mbuzi. Mtu anaweza kukosa shikome kwa ugonjwa, kwa safari, kwa msiba, lakini bakuli la nyumba yake linafika. Hata mwenye njaa anapeleka maji ya moto na chumvi. Nyumba iliyozuia bakuli lake bila kusema neno, mwenyewe akiwapo, mzima wa afya, moshi wa jiko lake unaonekana, imeshasema. Imesema, kwenye moto huu kuna mtu ninayemwogopa. Imesema kuna mwenye dawa ya kuua.

"Nani?" niliuliza.

"Ndiyo wanachoulizana sasa hivi," alisema. "Na moto ni wa nani?"

Nilimvuta mume wangu nyuma ya nyumba nikamwambia. Nilitegemea atakimbia kwenda kwa baba yake pale pale. Alisimama akishika ukuta. Alilijua hilo tangu utotoni, nami nilikuwa silijui. Hofu ya wale wageni wawili ilikuwa imelifuta kichwani mwake kabisa, kama mtu anayesahau jina la mtoto wake nyumba ikiungua. Lakini hakukimbia. Alisema, "Jumapili wakishaondoka nitawaeleza wote. Wataelewa."

"Na kesho?"

"Kesho ni siku moja."

Sijawahi kumchukia mtu niliyempenda kama nilivyomchukia dakika ile. Nilimwambia, "Baba yako ana kikohozi, hana siku za kukukopesha." Akaniomba nishushe sauti, wageni watasikia.

Asubuhi nilikwenda kisimani. Wanawake walinijibu salamu, "Mwangaluka," bila kuinua macho. Nilijaza mtungi wangu, nikangoja wa kunitwisha, kama tunavyotwishana siku zote. Hakuna aliyesogea. Niliupandisha mwenyewe kwa goti, nusu ukamwagika, nikarudi nimelowa mgongo mzima. Njiani jirani mmoja, yule mama wa mlenda, ndiye peke yake aliyenionea huruma. Aliniambia ng'ombe wa fulani alikufa mwezi uliopita bila kuumwa. Na mtoto wa fulani alivimba tumbo. Na sasa mwinjilisti, mtu wa Mungu, aliyesoma, amejitoa kwenye moto wa baba yake mzazi. Watu wanasema mwana haogopi bure. Aliyaona mengine ndani, ndiyo maana amekimbilia dini.

Wasomaji wa leo wanaweza kucheka. Miaka ile mtu aliyeachwa na moto wake hakuwa anachekwa. Kwanza mabakuli yalipungua, kisha ukienda kuomba kaa la moto kwa jirani uliambiwa limezimika, kisha kisima kilikuwa na zamu ambayo wewe huna. Baadaye wengine waliamka wakakuta paa linaungua na mlango umefungwa kwa nje. Nilikuwa najua hayo, hata kule misheni tuliyasikia. Sikuwahi kufikiri kwamba ugali nitakaoupika mimi ndio utakaoyaanzisha.

Alasiri ile wageni waliwapima wanaotaka kubatizwa. Nilikaa upande wa wanawake, natazama mlango. Sikujua kama mzee atakuja. Alikuja. Hakukaa kwenye benchi, alibeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka katikati, mbele ya wazee wa kanisa, akakaa. Nje ya madirisha kulikuwa na watu ambao hawajawahi kulisogelea kanisa, wamesimama na fimbo zao, kimya. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni mwa wageni. Hakumtazama baba yake na baba yake hakumtazama.

Mzee mwenye mvi alimuuliza kwa heshima, akimwita baba, kwa nini anataka kubatizwa.

"Kwa sababu ya Petro," alisema baba mkwe.

Yule kijana akatabasamu kidogo. Mwenye mvi hakutabasamu. Akamuuliza anajua nini juu ya Petro.

Baba mkwe akaeleza. Alieleza mama mkwe wa Petro, sikio, shuka ya wanyama, na nyumba ya ofisa. Alieleza vizuri, polepole, akipumzika kila kifua kilipobana. Akamaliza kwa kusema, "Huyo aliingia akala na mtu wasiyemtaka. Nikasema, Mungu wa mtu huyo naweza kukaa naye."

Mzee wa kanisa alifurahi. Naamini alifurahi kweli. Alikuwa mwalimu wa kumaliza jambo, hakuweza kuacha somo nusu. Akasema, "Ni vizuri, baba. Ila usifikiri mitume walikuwa malaika. Huyo huyo Petro aliteleza tena baadaye, kwenye jambo hilo hilo la chakula." Na akasimulia ya Antiokia, yote. Jinsi alivyokuwa akila nao. Jinsi wageni walivyofika. Jinsi alivyoogopa, akajitenga, na wengine wakamfuata, hata watu wazuri wakabebwa.

Hakujua anachokifanya. Alikuwa amelala nyumbani kwetu usiku mmoja tu, hakuna aliyemwambia neno. Mimi niliyekuwa najua nilishika ukingo wa benchi. Baba mkwe aligeuza shingo taratibu, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama mwanawe. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Aliondoka," baba mkwe alisema, "chakula kikiwa pale?"

"Ndiyo, baba."

"Na wale aliokuwa anakula nao, walisema nini?"

"Haijaandikwa."

"Akarudi?"

Nilimwona mwenye mvi akitafuta kichwani. "Paulo alimkemea mbele ya wote," alisema.

"Nimesikia kukemewa. Nauliza kama alirudi akala."

"Hilo halijaandikwa, mzee wangu."

Baba mkwe akasimama. Ilimchukua muda, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alibeba kigoda chake akasema, "Basi ningojeni kidogo. Mtu akinionyesha njia hadi nusu, halafu hajulikani alikoelekea, siwezi kumfuata kwa kikohozi hiki." Akatoka. Wale wa madirishani walimpisha njia, pana kuliko inavyohitajika kwa mzee mmoja.

Jua lilianza kushuka. Nilisonga ugali wa watu wengi, nikaupakua kwenye bakuli kubwa la mti, na mboga ya nsansa, majani makavu ya kunde, niliyoiunga kwa karanga. Kutoka jikoni niliona moto unawaka na mtu wa kuuota hayupo, isipokuwa baba mkwe na rafiki yake mmoja mzee asiyeona. Nadhani yule hakuwa ameambiwa, au aliambiwa akapuuza. Bakuli halikuwapo hata moja. Kwenye nyua za nyumba nyingine niliona wanaume wamesimama, vigoda mkononi, hawaji na hawaingii ndani.

Mume wangu alitokea mlangoni. "Leta," alisema.

Nilibeba bakuli kichwani na mboga mkononi, nikampita. Sikuelekea ndani. Nilivuka uwanja ule nikiona kama ni mbuga ya Meatu. Nikafika, nikapiga magoti, nikaweka chini. Mkwe hamtazami baba mkwe usoni, nami nilitazama chini, nikamsalimia ya jioni, "Mwadila, baba. Ugali wa nyumba ya mwanao."

Hakuugusa. Alikuwa na haki. Mama mkwe alikuwa amenieleza na hilo: ugali wa nyumba iliyozuia bakuli lake hauguswi mpaka mwenye nyumba amemega tonge la kwanza akalimeza watu wakiona. Mimi mwanamke, na mkwe, nisingeweza kumega mbele yake hata kama ningekuwa nakufa njaa.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza.

"Anakuja," nilisema. Sikujua kama anakuja. Nilisema kwa sababu hakukuwa na neno jingine la kusema.

"Basi tungoje."

Nilirudi ndani. Wageni walikuwa wameshanawa mikono, meza tupu mbele yao. Nikasema, "Chakula kiko shikome."

Yule kijana aliuliza kama huko ndiko kwenye pombe.

"Leo hakuna pombe," nilimjibu. "Kuna ugali, na baba mkwe wangu, na rafiki yake kipofu. Na unapoa."

Nikamgeukia mume wangu. Nilikuwa na maneno mengi, niliyapanga tangu kisimani. Sikuyasema. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama mto uliofurika akiwa anajua lazima avuke. Kwenye dirisha niliuona ule moto, na mzee amekaa wima mbele ya bakuli, mikono juu ya magoti, hali. Nyumba zote zilikuwa zinamtazama. Nikaanza kuomba, nayo haikuwa sala ya kanisani.

Mume wangu alisimama. Kijana akamwambia, bila ukali, karibu kwa urafiki, "Mwalimu, unajua taarifa tutakayoipeleka."

"Najua," alisema. "Mtasema mliniona nakula na baba yangu. Karibuni na nyinyi."

Akachukua birika la maji ya kunawa mwenyewe, kazi ambayo mwanamume wa kwetu haifanyi, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye kona ya nyumba. Alimnawisha baba yake mikono. Akamnawisha yule rafiki asiyeona. Akanawa, akakaa chini kwenye vumbi kwa kuwa kigoda chake kilikuwa ndani, akamega tonge, akalichovya, akalila. Akala na la pili. Alikuwa anatafuna kwa shida, machozi yanashuka hadi kidevuni na hayafuti.

Baba mkwe alimtazama tu. Hakunyoosha mkono.

Nyuma yangu nilisikia mtu anavuta kiatu. Mzee wa kanisa mwenye mvi alinipita. Labda aliguswa na Roho, labda alikuwa na njaa. Mwenye njaa hana miiko, nami sijawahi kumuuliza. Alipofika alimsalimu baba mkwe kwa Kisukuma, kama kijana anavyomsalimu mkubwa wake, akaketi, akanyoosha mikono inawishwe. Kijana alibaki mezani. Alilala na njaa, na asubuhi hakunywa hata uji wangu.

Kisha kwenye uwanja wa kwanza nikaona mwanamke anatoka na bakuli. Ni yule wa mlenda. Nyuma yake mume wake na kigoda. Halafu nyumba ya pili, halafu nyingine. Hakuna aliyesema samahani wala aliyeuliza. Baba mkwe alimega tonge lake la kwanza wakati bakuli letu limebaki chini kabisa.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, kijana alimwambia mume wangu akabidhi ufunguo wa kanisa mpaka wakubwa waamue. Mwenye mvi alikuwapo, akanyamaza. Hakuwa na uwezo wa kumzuia, au hakutaka ugomvi, hilo nalo sijui. Mume wangu akautoa mfukoni. Wakubwa waliamua baadaye tuliyoyategemea, nasi tukawa wakulima wa pamba kama wengine. Lakini asubuhi ile tulikuwa bado hatujui, na baba mkwe alikuwa ametuma neno kwamba yuko tayari.

Walibatizia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Maji yalikuwa ya udongo, na fahali mwekundu alikuwa amefukuzwa hapo muda si mrefu. Mwenye mvi alisimama majini hadi kiunoni. Alimuuliza baba mkwe jina alilochagua, na kabla hajajibiwa akasema kwa upole, "Petro, bila shaka."

"Hapana," alisema baba mkwe. "Petro tunaye. Ulisema haijaandikwa kama alirudi kwenye chakula. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nikamwona akirudi. Jina hilo mpeni mwenyewe, mimi nipeni lolote lililobaki."

Watu wakacheka, na wengine hawakucheka. Kijana akasema mwinjilisti aliyesimamishwa asisogee kwenye maji. Baba mkwe akamjibu kuwa yeye haingii lambo lenye matope bila kushikwa mkono, na mkono anaoutaka ni mmoja. Akaunyoosha, akangoja, kama alivyongoja mbele ya bakuli. Mume wangu alishuka akamshika, wakaingia majini pamoja, naye alikuwa bado amevaa viatu.